Kupima kasi na mkimbio wa wachezaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na makocha wa Mwanza na kando ya ziwa

Majibu haya ni ya kocha wa mpira wa miguu, raga au magongo, na mwalimu wa michezo anayeandaa timu ya shule. Tunaposema mkimbio tunamaanisha namna mguu unavyotua, unavyokaa chini na unavyoondoka, pamoja na urefu na wingi wa hatua.

Nina simu, futi kamba na koni kumi tu. Naweza kuanza?

Unaweza. Ongeza stendi ya simu, fito sita nyembamba zenye urefu wa mita moja na nusu hivi, uzi wa fundi, pimamaji na chokaa kidogo ya kuchorea uwanja. Kwenye simu angalia kitu kimoja: kama inarekodi fremu 240 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video. Fremu 120 zinavumilika kwa kupima muda, ila ni chache kwa kuangalia mguu. Fremu 30, ambazo ndizo simu nyingi hurekodi usipobadilisha chochote, hazifai: mchezaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde anapita sentimita 27 kati ya fremu moja na nyingine. Kwa fremu 240 anapita sentimita 3 na kidogo.

Futi kamba iwe ya mita 30 na iwe haijavutika. Zile za kitambaa zilizozoea kuloa huongezeka urefu. Ilinganishe na ya chuma kabla hujaiamini.

Kwa nini nisitumie stopwochi kama zamani?

Kwa sababu ya jicho na kidole. Anayesubiri mwisho wa mbio huchelewa kubonyeza mwanzo, maana anaitikia ishara, lakini mwisho hachelewi kwa kiasi kile kile kwa kuwa anamwona mkimbiaji akija na kidole kinajiandaa. Muda unaoandikwa unakuwa mfupi kuliko ukweli. Kwenye riadha kumekuwepo desturi ya kuongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 ili ulingane na wa mtambo. Sasa fikiria mita 10, ambazo mchezaji anazimaliza kwa sekunde 1.8 hivi. Hiyo 0.24 ni asilimia 13 ya muda wote. Tofauti kati ya winga wako mwepesi na beki wako mzito inaweza kumezwa yote humo.

Kama huna njia nyingine, pima mita 30 na si 10, weka watu watatu wenye stopwochi, chukua namba ya katikati, na watu hao hao wapime siku zote. Usiandike namba mbili baada ya nukta ukadhani ni za kweli.

Nipangeje njia ya mita 30 kwa ajili ya video?

Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, kwa hiyo twende taratibu.

Vuta uzi wa fundi mita 30 mahali tambarare, kisha uchore kwa chokaa. Huo ndio mstari wa mkimbiaji. Weka alama ya mita 15. Kutoka hapo unahitaji kona mraba ili kamera itazame njia bila kulala upande, na fundi yeyote wa ujenzi anaijua: pima mita 6 juu ya mstari, mita 8 kuelekea utakapoweka kamera, halafu mshazari kati ya ncha hizo mbili lazima uwe mita 10 kamili. Ukiwa mita 10.2, kona si mraba, sogeza. Endeleza mstari huo hadi mita 20 kutoka njiani. Simu ikae hapo, kwenye stendi, lenzi ikiwa usawa wa nyonga ya mchezaji, pimamaji ikiwa juu yake. Utaizungusha stendi kumfuata mkimbiaji. Usiinyanyue wala usiisogeze.

Sasa fito. Zinasimama mita moja mbele ya njia, upande wa kamera, ili mkimbiaji asizigonge. Lakini usizisimamishe usawa wa mita 5, 10, 20, 25 na 30. Kamera inatazama kwa mshazari kila inapotoka katikati, na fito iliyo karibu nayo zaidi huonekana imehama. Kwa kamera iliyo mita 20 na fito zilizo mita moja mbele, zisimamishe hivi, ukihesabu kutoka mwanzo wa njia: ya mita 5 ikae mita 5.50, ya 10 ikae 10.25, ya 15 ibaki 15.00, ya 20 ikae 19.75, ya 25 ikae 24.50, ya 30 ikae 29.25.

Usiporekebisha, fito ya mita 30 itaonekana inapitwa wakati nyonga imeshafika mita 30.79. Kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, hiyo ni takribani sekunde 0.1 ya uongo kwa kila mchezaji. Ya mita 5 nayo inakosea kinyume chake: unamsoma akiwa bado hajafika, yuko mita 4.47. Matokeo yake timu nzima inaonekana inachomoka vizuri na kufifia mwishoni, na kocha anabadilisha mazoezi kwa sababu ya kosa la jiometria.

Mwambie mkimbiaji abaki juu ya chokaa. Akielea nusu mita kuelekea kamera, fito ya mwisho itamsoma zikiwa zimebaki sentimita 37.

Nianze kuhesabu fremu ipi, na niishie ipi?

Mchezaji asimame mguu wa mbele ukigusa mstari, atulie sekunde mbili, asijitikise kwenda nyuma na mbele. Fremu ya mwanzo ni ile ya kwanza ambayo mguu wa nyuma umeachia ardhi. Fremu ya mwisho ni ile ambayo nyonga imelingana na fito. Si kichwa, si kifua, maana wengine hujitupa mbele. Mvalishe bukta yenye rangi tofauti na jezi, au bandika utepe kwenye nyonga upande wa kamera.

Mfano: mguu wa nyuma umeachia kwenye fremu ya 412, nyonga imefika fito ya mita 10 kwenye fremu ya 858. Tofauti ni 446. Gawa kwa 240, unapata sekunde 1.86.

Ukichagua kuanza kwa namna nyingine, mathalani kwa mkono kuacha ardhi, ni sawa, lakini muda utakuwa tofauti. Usilinganishe muda wako na wa timu nyingine kabla hujajua wao walianza kuhesabu wapi. Hata mitambo inayopima muda kwa miale ya mwanga ina shida hiyo: wengi humsimamisha mchezaji nusu mita nyuma ya mwale wa kwanza, kwa hiyo saa inaanza wakati mtu tayari anatembea.

Video ilikuwa safi kwenye simu, ila kwenye kompyuta hesabu haziendi. Kwa nini?

Mara nyingi ni WhatsApp. Ukituma kama video ya kawaida, inabanwa na fremu zinapungua. Tuma kama faili, au hamisha kwa waya.

Sababu ya pili: baadhi ya simu hazishiki idadi moja ya fremu, hasa mwanga ukipungua. Jaribu yako hivi: rekodi stopwochi ya simu nyingine kwa sekunde 12, kisha hesabu fremu kati ya sekunde ya kwanza na ya kumi na moja. Zinatakiwa ziwe 2,400 au karibu sana na hapo. Zikiwa 2,310, basi gawa kwa 231 na si 240, na rudia jaribio hilo kila siku ya kupima. Jioni jua linapokaribia kuzama, usijisumbue. Mguu utaonekana kama moshi.

Kasi ya juu naipataje? Mita 30 hazitoshi?

Mita 30 kutoka kusimama zinakupa mchanganyiko wa kuchomoka na kasi. Ukitaka kasi ya juu yenyewe, mpe mchezaji mita 25 hadi 30 za kujiongeza, halafu pima mita 10 zinazofuata. Kamera ikae mita 20, usawa wa katikati ya hizo 10, fito mbili zikiwa mita moja mbele ya njia na umbali wa mita 9.50 kati yao, kwa hesabu ile ile ya juu.

Fremu 276 ni sekunde 1.15, yaani mita 8.70 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6: kilomita 31.3 kwa saa. Ukikosea fremu 4 unapata 31.8. Kosa hilo linavumilika. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa stopwochi unapata 34.3, na hapo umemtengeneza nyota ambaye hayupo.

Mbele ya fito ya mwisho acha mita 25 wazi za kusimamia. Viwanja vyetu vingi vinaishia kwenye mawe, mtaro au ukuta wa darasa, na mchezaji anayejua kuna jabali mbele ataanza kufunga breki kabla hujampima. Namba inaharibika, na nyama za paja nazo ziko hatarini.

Kijana wangu amepimwa akatoka na kilomita 41 kwa saa. Inawezekana?

Hapana. Usain Bolt, Berlin mwaka 2009, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, alipita kati ya mita 60 na 80 kwa sekunde 1.61, ambayo ni kilomita 44.7 kwa saa. Wachezaji wa mpira wenye kasi sana hufika 35 au 36. Kagua umbali wa fito kwanza.

Tochi ya kupimia kasi, kama ya trafiki, inafaa?

Inafaa, mradi isimame nyuma ya mkimbiaji, juu ya mstari wake, mita 5 hadi 10 nyuma, usawa wa mgongo wa chini. Ikilala pembeni kwa nyuzi 10 inapunguza kasi kwa asilimia 1.5; kwa nyuzi 20 inapunguza asilimia 6. Watu wengine hupita nyuma ya mkimbiaji, ikawasoma wao. Funga njia.

Vesti za GPS?

Ni nzuri kwa kujua mchezaji amekimbia kiasi gani katika mechi nzima, na mara ngapi amevuka kasi fulani. Mipaka inayotumika sana ni kilomita 19.8 kwa saa kwa mbio za kasi na 25.2 kwa kutimka. Kwa mita 5 au 10 za kuchomoka, au kugeuka ghafla, kifaa kinachosoma mara 10 kwa sekunde kinachelewa. Cha saa ya mkononi au simu kinachosoma mara moja kwa sekunde usikiguse kwa kazi hii.

Kiwashe nje, mahali penye anga wazi, dakika 10 hadi 15 kabla, mpaka kishike setilaiti. Vesti iwe imebana. Ikicheza mgongoni inaongeza mwendo usiokuwepo. Mchezaji avae kifaa kile kile kila siku, kwa sababu vifaa viwili vya aina moja navyo hutofautiana.

Katika mkimbio, nipime nini hasa?

Vinne: muda wa mguu kukaa chini, muda wa kuwa hewani, urefu wa hatua, na idadi ya hatua kwa sekunde. Hatua moja ni kutoka mguu mmoja kutua hadi mwingine kutua. Usichanganye na mzunguko wa mguu ule ule kurudi chini, ambao ni hatua mbili.

Kamera iwe mita 10 hadi 12 kando ya njia, haizungushwi, usawa wa nyonga, ikiona mita 8 za njia katika eneo la kasi ya juu. Chora chokaa kila mita moja juu ya mstari wenyewe wa mkimbiaji. Kwa kuwa mguu na chokaa viko mstari mmoja, hapa huna haja ya marekebisho ya fito.

Tuseme mguu umetua fremu ya 100, umeachia ya 130, mguu wa pili umetua fremu ya 156. Chini: fremu 30, sekunde 0.125. Hewani: fremu 26, sekunde 0.108. Hatua nzima: fremu 56, sekunde 0.233, yaani hatua 4.29 kwa sekunde. Kwenye chokaa, kutoka kidole hadi kidole, ni mita 2.03. Zidisha 2.03 kwa 4.29: unapata mita 8.7 kwa sekunde. Ni kasi ile ile iliyotoka kwenye fito mbili. Fanya ukaguzi huu kila mara. Namba hizo zisipokutana, kuna chokaa iliyopimwa vibaya au fremu iliyohesabiwa vibaya, na hutakiwi kumwambia mchezaji neno lolote mpaka ulione kosa lilipo.

Kosa la fremu moja mwanzoni na moja mwishoni linaweza kufika sekunde 0.008 kati ya hizo 0.125. Kwa hiyo usihukumu kwa hatua moja. Kusanya sita kwa kila mguu, ukihitaji kwa kumrudisha akimbie tena, halafu chukua wastani.

Baada ya namba, simamisha picha mguu unapotua. Kifundo kiko mbele ya nyonga kwa kiasi gani? Kikiwa mbali sana mbele, mguu unafunga breki kila hatua. Mara nyingi huyo ni mchezaji aliyeambiwa “panua hatua”. Urefu wa hatua unatokana na nguvu ya kusukuma ardhi. Ukiutafuta kwa kurusha mguu mbele unapoteza kasi.

Simu yangu ni ya fremu 30. Mkimbio siwezi kuupima kabisa?

Urefu wa hatua unaweza. Tengeneza ukanda wa udongo wa mita 12 kwa reki, nyunyiza maji kidogo yanayofunga vumbi bila kuleta tope, na mchezaji apite kwa kasi. Nyayo zinabaki. Pima kidole hadi kidole, andika kulia na kushoto. Ukiwa na kasi yake, igawe kwa urefu wa hatua, na idadi ya hatua kwa sekunde inapatikana. Usifanye hivi kwenye mchanga wa ufukweni: mguu unazama na mkimbio unabadilika wote.

Mguu wa kushoto unakaa chini zaidi ya kulia. Ni majeruhi?

Si lazima. Tuseme kulia ni 0.128 na kushoto ni 0.140. Tofauti ya 0.012 ukiigawa kwa 0.140 ni asilimia 8.6. Kabla ya kufikiria jeraha, mgeuze akimbie upande wa pili wa njia hiyo hiyo. Tofauti ikihamia mguu wa kulia, tatizo ni uwanja, umelalia upande. Ikibaki kushoto, pima tena siku nyingine akiwa hajachoka. Ikibaki tena, muulize kuhusu nyama za paja, kigimbi na kano ya kisigino, na umpeleke kwa mtaalamu wa viungo. Video haitambui ugonjwa.

Anatua kwa kisigino. Nimbadilishe?

Akikimbia polepole, acha. Watu wengi hutua hivyo na hawana tatizo. Akitimka kwa kasi ya juu na bado anatua kwa kisigino, angalia kwanza kama mguu unatua mbali mbele ya nyonga.

Saa ngapi ni bora kupima hapa Mwanza?

Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani. Alasiri unaweza kuwa mkali, hasa viwanja vilivyo wazi karibu na maji, Ilemela au Ukerewe. Funga utepe wa plastiki kwenye fito. Utepe ukilala kabisa kwa upepo, ahirisha. Riadha haikubali rekodi ya mita 100 upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, na hakuna sababu ya wewe kuwa mlegevu zaidi.

Mwinuko hausumbui. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kidogo kuliko Dar es Salaam, lakini kwa mita 30 faida yake ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe.

Nimepima nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana, mwezi uliofuata uwanja wa shule. Nilinganishe?

Usilinganishe. Uwanja, viatu, saa na mpangilio vibaki vile vile. Njumu kwenye udongo mkavu wa Agosti huteleza. Baada ya mvua za Machi hadi Mei udongo ule ule unameza.

Kwa mita 30 ametoka sekunde 4.41 hadi 4.36. Ameendelea?

Huwezi kujua mpaka ujue kosa la kipimo chako. Pima wachezaji wale wale mara mbili, siku mbili tofauti ndani ya wiki moja, bila mazoezi mapya katikati. Tuseme tofauti za watano ni 0.03, -0.02, 0.05, -0.04 na 0.01. Mchepuko wastani wa tofauti hizo (standard deviation, yaani kiasi zinavyotawanyika) ni 0.036, ugawe kwa 1.41, unapata 0.026. Hilo ndilo kosa la kawaida. Zidisha kwa 2.77: sekunde 0.07. Mabadiliko yaliyo chini ya hapo kwa mchezaji mmoja yanaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo 0.05 ya kijana huyu bado si habari. Watano ni wachache. Tumia kumi na tano au zaidi kupata kosa la kuaminika.

Mbio ngapi kwa siku, na baada ya muda gani?

Tatu kwa kila umbali, mapumziko dakika 3 hadi 5. Kabla ya hapo dakika 15 za kupasha mwili, zikiishia na mbio mbili zinazopanda taratibu hadi karibu na kasi kamili. Saa 48 baada ya mechi ndipo anafaa kupimwa. Anayelalamika nyama za paja hapimwi, hata akisihi. Rudia kila wiki 6 hadi 8.

Kugeuka je?

Tumia jaribio la 505: mita 10 za kujiongeza, alama ya saa, mita 5, geuka nyuzi 180, rudi mita 5. Toa muda wake wa mita 10 kutoka kwenye muda wa 505. Kinachobaki ni gharama ya kugeuka. Mpime kulia na kushoto.

Wachezaji wangu wana miaka 13. Kuna la kuzingatia?

Pima urefu kila mara. Mtoto aliyerefuka sentimita 4 kwa miezi michache anaweza kuonekana amepoteza mkimbio: hatua zinapwaya, mguu unakaa chini muda mrefu. Usimwondoe timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa namba ya kipindi hicho.

Omba ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi kabla ya kurekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha na vipimo vya mtoto kama inavyohusu vya mtu mwingine. Video zisipelekwe kwenye kundi la wazazi, na muda wa mtoto usibandikwe ukutani.

Kwenye daftari niandike nini zaidi ya muda?

Tarehe, saa, uwanja na upande wa kukimbilia, hali ya udongo, utepe ulivyolala, viatu, fremu halisi za simu siku hiyo, umbali wa kamera, nani aliyesoma fremu, na mbio zote tatu, si ile bora peke yake. Mbio iliyoharibika iandikwe pia, pamoja na sababu: aliteleza, alianza kabla, alitoka kwenye chokaa.